Tulivyopima joto la nyumba ya Kibosho tukiwa Kariakoo: maji ya moto dhidi ya hewa ya moto

Wakuu, mnaostahili shikamoo ipokeeni, na nyie wengine mambo vipi.

Jana nimeona humu mkuu mmoja wa majuu ameuliza swali lake kwa adabu kabisa. Anajenga nyumba kule kwenye baridi. Achukue mfumo wa maji ya moto yanayozunguka kwenye mabomba, au ule wa hewa ya moto inayopulizwa vyumbani?

Amepata majibu mawili. Mmoja kamwambia arudi Bongo, joto la bure. Wa pili kamuuliza kama ana kiwanja anauza.

Nimecheka peke yangu, halafu nikakumbuka. Swali hilohilo niliwahi kulisikia likigombewa uani kwetu, Kariakoo, miaka ya Ujamaa, tena mwezi wa pili, jua linawaka mpaka kuku wanapumua midomo wazi.

Najua kuna watakaosema hii ni chai. Semeni tu. Mimi ni bibi wa wajukuu saba, bando nimewekewa na mjukuu, sina faida ya kuwatungia. Nitaeleza nilivyoona, na nilipokosea nitasema, maana nilikosea.

Tulieni, ni ndefu kidogo.

Asili yangu ni Ndanda, kule kusini. Nimeolewa na Mchaga wa Kibosho, marehemu Aloyce. Watu walikuwa wanatuuliza mlijuana wapi nyie, mmoja kaskazini mmoja kusini? Jibu ni kwenye foleni ya unga. Foleni za enzi zile zilikuwa ndefu, mnaanza wageni mnamaliza mnajuana mpaka majina ya shangazi.

Aloyce alikuwa na kiduka cha spea za baiskeli Mtaa wa Msimbazi. Tulipanga vyumba viwili kwenye nyumba ya Kiswahili, korido katikati, vyumba sita, uani bomba moja na jiko la wote. Mtoto wetu wa kwanza, Desderi, alikuwa bado mgongoni.

Kilichotuletea mambo ya kupasha nyumba joto ni mama mkwe wangu. Nitamwita Mama tu, ndivyo nilivyomwita.

Aloyce alimjengea Mama nyumba kule Kibosho, mlimani kwenye baridi. Nyumba hasa: tofali, bati, sakafu ya sementi, madirisha mapana ya vioo. Ile ya zamani ya majani ikabomolewa. Nyumba bora ndiyo ilikuwa fahari ya kila kijana aliyetoka kwao, na Aloyce alipiga picha amesimama mbele yake kama mkuu wa wilaya.

Misimu miwili ya baridi ikapita. Mama magoti yakavimba, kifua kikabana. Mganga wa zahanati akasema huyu mama anahitaji mahali pa joto. Aloyce akampakia kwenye basi, akamleta kwetu.

Joto akalipata, hilo siwezi kukataa. Wiki tatu magoti yakanywea.

Lakini Mama hakutaka kukaa. Kwa asiyejua, Mchaga ana kihamba, shamba la migomba la ukoo. Mume wake amezikwa humo, wakwe zake wamezikwa humo. Mama aliona kihamba kisicho na mtu ndani yake kinakufa, na yeye ndiye alikabidhiwa.

Kila Jumapili tukitoka kanisani anamuuliza mwanawe, "Aloyce, nyumba yangu imepona?"

Yaani mgonjwa ni nyumba.

Aloyce anamjibu, "Bado, Mama. Hurudi kule mpaka ile nyumba iwe na joto."

"Basi fanya haraka. Usije ukanizika mchangani."

Alikuwa anasema kwa utani, lakini macho hayakuwa ya utani. Alikuwa anaogopa kufia Dar. Kila akisikia msiba mtaani anauliza marehemu ni wa wapi, na wamemzika wapi.

Sasa kosa langu.

Mimi nilitaka Mama aondoke. Nasema ukweli, miaka mingi imepita, hakuna wa kunipiga. Wanawake wawili jiko moja. Yeye anataka ndizi kila siku ya Mungu, mimi nataka samaki wa nazi. Nikikuna nazi anakunja uso kama nimechinja paka. Nikimfunga Desi nguo analegeza, ananiambia mtoto anahitaji kupumua. Nilimwombea arudi kwake, na nilikuwa namwombea kwa bidii zaidi yake mwenyewe.

Kwa hiyo neno la kupasha ile nyumba joto lilipoanza, hakuna aliyelichangamkia kama mimi.

Lilianzia barazani. Jirani yetu wa chumba cha mbele alikuwa Mzee Nassoro, mtu wa Lindi, alishafanya kazi kwenye meli miaka na miaka, kazi yake kukoka moto wa boila kule chini. Alimsikia Aloyce analalamika, akasema hilo mbona dogo.

"Huko kwenye bahari za baridi," akasema, "chumba cha nahodha kina joto kama hapa. Maji yanachemka chini, yanapanda kwenye bomba, yanapita ukutani, yakipoa yanashuka yenyewe yakachemke tena. Hakuna wa kuyasukuma."

Aloyce akamwangalia kama kaambiwa kuna dhahabu uani.

Bahati mbaya au nzuri, alikuwepo Fundi Ngonyani. Huyu alikuwa fundi bati wa mtaa wa Gerezani, mtu wa Songea, mteja wa Aloyce, mikono yake imejaa makovu ya mabati na mdomo wake haujui breki. Akasema, "Mzee wangu, nakuheshimu, lakini maji ya nini? Utaloweshea watu magodoro. Mimi nachukua jiko la bati, nalizungushia koti la bati. Moshi unatoka kwake juu. Hewa safi inapita kati ya jiko na koti, inashika moto, feni inaisukuma chumbani. Dakika tano, Mama anavua sweta."

"Feni ya umeme?" Mzee Nassoro akamuuliza. "Kibosho kwa Mama kuna umeme?"

Ngonyani akageuka, akaangalia duka la Aloyce kwa upande wa pili wa barabara. Akatabasamu.

Wakuu, yule bwana alitengeneza feni ya kuendeshwa kwa pedeli za baiskeli.

Mnacheka? Ile kazi ilikuwa safi. Fremu kuukuu haina matairi, imesimikwa kwenye mbao. Unakanyaga, mnyororo unazungusha feni ya bati ndani ya sanduku, upepo unatoka kama wa kiwanda. Mafundi wa siku zile kitu hakipo dukani, wanakitengeneza. Na dukani hakukuwa na kitu, kwa hiyo walitengeneza kila kitu.

Mzee Nassoro naye akaanza yake. Pipa la chuma kwa boila. Rejeta ya lori lililokufa, aliipata kwa wauza vyuma chakavu. Mabomba ya shaba ndiyo yalikuwa shida, alipata vipande viwili vitatu, vingine akawa anasubiri na kusubiri.

Mtaa ukagawanyika. Kuna watu wa maji, kuna watu wa hewa. Muuza kahawa akawa hauzi tena kahawa bila kuuliza wewe uko upande gani. Watu waliozaliwa Kariakoo, hawajawahi kuvaa sweta maishani, wanabishana namna ya kupasha nyumba joto mpaka mishipa ya shingo inasimama.

Aloyce akasema basi, tutapima. Jumapili, uani kwetu, kwenye chumba cha Mama.

Hapa sasa msome taratibu, maana akili zetu zote ziliishia hapa.

Mzee Nassoro alisema boila lazima likae chini kuliko rejeta, ndipo maji yapande. Akachimba shimo uani. Kariakoo! Hakufika kiunoni, shimo likajaa maji ya ardhini. Ikabidi wafanye kinyume, boila likakaa juu ya ardhi na rejeta ikapandishwa juu ya kitanda cha Mama, imelazwa kwenye mbao kama mgonjwa.

Fundi Ngonyani akapitisha bomba lake la bati dirishani. Mlango ukazibwa kwa blanketi ili joto lisitoke.

Mwezi wa pili. Saa sita mchana. Blanketi mlangoni.

Likaja suala la kupima. Aloyce akasema yeye atakaa ndani, akianza kutoka jasho atapiga kelele. Akaingia, akakaa kitini, na kabla kiberiti hakijawashwa shati limeshaloa mgongo mzima.

Watu wakakuna vichwa. Halafu mtu mmoja akatoa hoja, na sote tukaiona ni ya kisomi: mfumo utakaomtoa Aloyce chumbani haraka ndio mshindi.

Hakuna aliyejiuliza tunapima vipi moto ndani ya tanuri.

Ikaanza hewa. Ngonyani akawasha jiko, mpwa wake akapanda pedeli. Hatukumaliza hata kupanga viti. Aloyce alitoka mbio na blanketi la mlangoni limemzunguka shingoni, anakohoa, macho mekundu. Uani shangwe. Ngonyani akanyanyuliwa juu.

Mama alikuwa amekaa kwenye kibao chake anamenya ndizi. Akamwangalia yule kijana wa kwenye pedeli, jasho linadondoka kidevuni.

"Akishuka?" akauliza.

"Akishuka anapanda mwingine, Mama," Ngonyani akamjibu.

Mama akaendelea na ndizi zake.

Yakaja maji. Mzee Nassoro akakoka moto kwa taratibu zake, anasikiliza pipa kwa sikio, anagusa bomba hapa na pale. Dakika kumi, kimya. Nusu saa, kimya. Watu wa hewa wakaanza kuimba. Tulipofunua blanketi tumwone Aloyce, tulimkuta amelala usingizi kitini, anakoroma.

Basi, hukumu ikatoka. Hewa imeshinda. Watu wakaenda kula.

Mimi nilibaki uani nafua. Alasiri hiyo, moto wa Mzee Nassoro umeshazimika muda mrefu, nikamwona Mama anaingia chumbani na kanga mbichi, akaitandika juu ya rejeta. Baada ya muda akatoka nayo imekauka, akaikunja. Nikaingia nikaigusa ile rejeta. Nilitoa mkono haraka, ilikuwa bado inaunguza.

Nilielewa palepale. Sikuwa mjinga. Kibosho hakuna anayekurupuka kitini, kule kunatakiwa joto la kukaa.

Nikanyamaza.

Nilinyamaza kwa sababu feni ya Ngonyani ilikuwa tayari, ingeweza kupakiwa wiki ileile. Ya Mzee Nassoro ingesubiri mabomba ya shaba, na shaba haikuwepo mjini. Hewa ingemwondoa Mama haraka. Nilichagua haraka.

Tukapakia mabati kwenye lori, kabla masika hayajaharibu barabara. Aloyce, Mama, mimi na Desi mgongoni, na ile baiskeli isiyo na matairi. Aloyce akafunga mitambo siku mbili, akarudi Dar kufungua duka. Mimi nikaachwa wiki mbili nimwangalie Mama.

Wakuu, sikuwahi kujua baridi ni kitu gani. Nilikuwa naisikia kwenye hadithi za watu tu. Kibosho masika yakianza, ukungu unaingia ndani kama mwenye nyumba. Nilikuwa na chupa yangu ya mafuta ya nazi ya nywele. Asubuhi ya kwanza naigeuza, hayatoki. Yameganda, meupe kama mshumaa. Nilifikiri nimeuziwa nta. Mama alicheka mpaka akashika mbavu, akaniambia, "Mafuta yako yana akili kuliko nyie wote wa Kariakoo. Yakiyeyuka, ujue nyumba imepona."

Na mfumo wetu?

Siku ya kwanza vijana wa ukoo walijazana, kila mtu anataka kukanyaga. Chumba kikawa moto, Mama akavua sweta kweli, nikajisifu moyoni. Siku ya pili walikuja wawili. Siku ya tatu mvua, hakuja mtu.

Nikapanda mwenyewe.

Alfajiri, Desi amelala, mimi nimefunga kanga kiunoni, nakanyaga baiskeli isiyokwenda popote. Jasho linanitoka, nimevua koti, nimevua sweta. Mimi ndiye nilikuwa nina joto! Nikishuka kupumua, hata rozari haijafika nusu, chumba kimerudi baridi kama hakijawahi kupashwa. Bati likipoa linalia ka, ka, ka. Vumbi la jiko linapeperuka, Mama anakohoa. Kifua kikaanza kubana tena.

Siku ya tano asubuhi nilimkuta Mama hawezi kupiga magoti kusali. Alisali amekaa, ameshika ukingo wa kitanda. Magoti yamerudi kuvimba kama yale aliyokuja nayo Dar.

Ndipo nilipoona nilichofanya. Sikuwa nimempeleka nyumbani. Nilikuwa nimempeleka kuugua, kisha Aloyce angekuja kumchukua, na safari hiyo asingemrudisha tena. Angezikwa hukohuko anakoogopa, na mimi ndiye niliyegusa ile rejeta nikafunga mdomo.

Nilikwenda jikoni, kibanda cha mteremkoni chini ya nyumba, nikalia. Mama akanifuata, anachechemea na kikombe cha chai. Akakaa karibu na mafiga. Hakuniuliza nalia nini.

Akaanza kuniambia habari za ile nyumba ya majani. Kwamba moto ulikuwa katikati haufi, mwaka mzima majivu yana uhai. Kwamba ng'ombe alilala upande wa kushoto na mbuzi nyuma, pumzi zao zinapasha nyumba. Majani mpaka chini, hakuna dirisha. Amezaa watoto sita mle ndani na hajawahi kujua magoti yanauma.

"Aloyce aliona aibu mama yake kulala na ng'ombe," akasema. "Sikumkatalia. Mtoto akikujengea, unasema asante."

Nikamuuliza kwa nini hakusema pale Kariakoo, wakati watu wanapima.

"Nani aliniuliza?"

Kweli wakuu. Mtaa mzima ulipiga kura. Muuza kahawa alipiga kura. Mwenye kulala kwenye chumba hakuulizwa na mtu.

Kesho yake nilishuka Moshi mjini, posta, nikapeleka simu ya maandishi. HEWA IMESHINDWA. LETA MZEE NA MAJI. Karani akaisoma mara mbili, akaniuliza, "Dada, mgonjwa ana nini hasa?" Nikamwambia mgonjwa ni nyumba.

Pia nilimwandikia Aloyce barua ndefu. Nikamweleza habari ya kanga na rejeta. Yote.

Sikupata jibu. Nilikaa wiki tatu sijui kama nina ndoa au sina. Kumbe walikuwa wanazunguka kutafuta shaba, Gerezani mpaka Bandarini kwa wauza vyuma chakavu wa meli. Na aliyepata kipande cha mwisho ni Fundi Ngonyani. Alikitoa kwenye mtambo wake mwenyewe karakanani, akasema, "Mimi na Mzee tunagombana, lakini magoti ya mama wa watu hayamo kwenye ugomvi wetu."

Wakaja wote watatu. Mzee Nassoro amevaa koti lake la meli, refu, vifungo vya shaba. Nilimzoea na msuli na singlendi, nikashindwa kumtambua. Aliposhuka kwenye gari akanusa hewa ya mlimani akasema, "Haya, sasa hii ndiyo baridi. Kule mlikuwa mnachezea."

Aloyce alinisalimia. Alimbeba Desi. Hakusema lolote kuhusu barua mpaka jioni tunachota maji, akasema, "Ulichelewa kusema. Lakini ulisema." Kuanzia hapo halikurudiwa.

Sasa mkuu wa majuu, hapa ndipo jibu lako lilipo.

Kule mlimani ardhi ina mteremko. Jiko la Mama lilikuwa chini ya nyumba, hatua kama ishirini. Mzee Nassoro alicheka alipoona. Lile shimo lililomshinda Kariakoo, huku Mungu alishalichimba. Boila akaliweka juu ya mafiga ya Mama mwenyewe, bomba likapanda kwenda chumbani, rejeta ikakaa miguuni mwa kitanda, bomba la pili likashuka. Debe dogo juu kabisa la kuongezea maji na kutolea mvuke. Basi. Mama akipika ndizi zake, nyumba inapashwa. Hakuna kukanyaga, hakuna feni, hakuna vumbi.

Ngonyani naye hakukaa bure. Aliziba mianya ya madari kwa mabati yake, akafunika nusu ya yale madirisha ya fahari. Aloyce alitazama tu vioo vyake vikifunikwa, hakubisha.

Siku ya kwanza tulisubiri mpaka tukakata tamaa. Maji hayana haraka, niliwaambia. Lakini yalipopata joto, yalilishika. Mama alifunika moto kwa majivu baada ya chakula cha jioni. Alfajiri nikaingia chumbani kwake miguu mitupu, naogopa sakafu. Nikaweka mkono kwenye rejeta. Vuguvugu. Chupa yangu ya mafuta niliyoiacha juu yake, nikaigeuza.

Yakamwagika yote mkononi.

Niliita watu kama nimeona nyoka. Mzee Nassoro alikuja na koti juu ya msuli, akapaka yale mafuta kichwani kwake, kwenye upara, akasema alhamdulillah. Ngonyani akampa mkono. Mama alikaa kitandani anatutazama, halafu akashuka, akapiga magoti polepole, akasali.

Nilikwenda kwa wiki mbili, nikakaa miezi miwili na zaidi.

Siku ya kuondoka Mama alinisindikiza mpaka mwisho wa migomba yake. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia yote, kuhusu maombi yangu ya Kariakoo, nimuombe radhi. Nikafungua mdomo, machozi yakatangulia.

Akaniwahi.

"Mama Desi, nilijua ulitaka niondoke. Na mimi nilitaka kuondoka. Mwanangu peke yake pale ndani ndiye aliyekuwa hataki, na tumemshinda."

Akacheka. Akalegeza nguo ya Desi mgongoni mwangu, kama kawaida yake. Safari hii niliiacha ilivyo.

Nilipofika Kariakoo, chumba chake kilikuwa kitupu, kitanda kimeegemezwa ukutani. Nikakuna nazi yangu kwa raha zote, nikapika samaki, nikakaa mezani, nikashindwa kula. Hakuna wa kukunja uso. Nililia kuliko siku ile ya jikoni Kibosho.

Mama aliishi kule miaka kumi na moja mingine. Kila Krismasi tulipanda. Alikufa asubuhi, kitandani kwake, na tukamzika kwenye kihamba, ubavuni kwa mumewe. Mimi nilikuwepo, niliona udongo mweusi ukimwangukia, nikashukuru sana.

Wengine wote wameshatangulia. Mzee Nassoro, Ngonyani, Aloyce wangu. Ile nyumba ya Kariakoo imevunjwa, pamesimama ghorofa, madirisha yote yana viyoyozi. Nikipita pale nasimama kidogo. Natamani hata ile kelele tu ya siku ile, watu wazima wanaimba kwa sababu mtu katoka chumbani anakohoa.

Haya mkuu wa majuu, kwa uzoefu wangu: hewa inakuja upesi, inaondoka upesi, na inataka kitu cha kuisukuma kila saa. Maji yanachelewa, yanasumbua kufunga, lakini ukizima moto yanabaki na wewe. Kama nyumba ni ya kuingia na kutoka, chukua hewa. Kama kuna mtu atashinda na kulala humo na magoti yake, chukua maji.

Ila kabla hujachukua chochote, muulize atakayelala humo. Muulize mapema, na ukijua jambo usinyamaze.

Wajuzi wa mabomba njooni mnikosoe, mimi nilifundishwa na mzee wa meli. Na kama kuna mwingine humu aliyemjengea mzazi wake nyumba nzuri, mzazi akashindwa kuishi ndani, aje atuambie alifanyaje. Nipo, nasoma zote.